Mkasi Upande wa Mkunjo

Siku ya kushonwa mfarishi wa bibi harusi Inshirah, tandiko la kitanda la kujazwa pamba, majirani wote wa mtaa ule wa nyuma ya kiwanda cha nguo, mjini Mahalla, walijua kwamba Hajjati Fikriya amekuja kutafuta kasoro.

Alishuka kwenye teksi kutoka mji wa Tanta saa nne asubuhi. Aliletewa kiti chenye mto, akakikataa. Akaletewa kingine, akakipangusa kwa leso kabla ya kukaa. Alikuwa shangazi yake bwana harusi, na ndiye aliyemlea kijana huyo tangu mama yake alipofariki, kwa hiyo hapakuwa na wa kumwambia nyamaza. Mapajani alikuwa na furushi, na ndani ya furushi mlikuwa na atlasi ya kijani kibichi aliyoinunua Kuwait, alikoishi na marehemu mumewe miaka kumi na moja. Kitambaa kilikuwa kizito, chenye kung'aa bila kelele. Wanawake waliokuwa wakipiga matari mlangoni waliacha kwanza, wakaja kukigusa.

"Taratibu na hiyo mikono," alisema Hajjati. "Mnakula mbegu za alizeti, halafu mnashika atlasi. Fundi yuko wapi?"

"Ndiye huyu, Hajjati," alijibu Tahani, mama wa bibi harusi, akimwonyesha mwanamke aliyepiga magoti juu ya mkeka katikati ya njia.

"Huyu si mke wa fundi?"

"Mjane wa fundi," alisema Nagat bila kuinua kichwa, "na fundi mwenyewe."

Miaka mitatu ilikuwa imepita tangu Gaber, mumewe, aanguke akiwa kazini, sindano ikiwa bado imening'inia kwenye uzi. Kazi ya kujaza na kushona mifarishi ilikuwa ya wanaume Mahalla nzima. Nagat aliijua kwa sababu kwa miaka ishirini ndiye aliyekuwa akimalizia mishono ya Gaber nyumbani, na Gaber akisifiwa. Alipokufa, watu walitarajia kwamba upinde wa kuchambulia pamba na ile mikasi mikubwa vitakwenda kwa mdogo wake, Zenhom. Nagat akasema upinde achukue, mikasi haitoki. Tangu siku hiyo walifanya kazi pamoja, Zenhom kwenye pamba, yeye kwenye kitambaa, na hawakuwahi kulizungumza jambo hilo tena.

Hajjati Fikriya alimtazama Nagat tangu ushungi hadi vidole vya miguu. "Mwanamke anakata mfarishi wa harusi hadharani," alisema. "Haya. Tumeishi, tumeona."

Akamkabidhi kitambaa.

Nagat alikitandaza, akakipima mara mbili, akakikunja katikati kwa urefu, ukingo juu ya ukingo. Kilikuwa kipana kuliko mfarishi kwa shibiri moja kila upande. Alitakiwa kupunguza ile shibiri kwenye kingo, apate vipande viwili virefu vya kuzungushia mito, na kitambaa chote kinachobaki kiwe uso wa mfarishi. Ilikuwa kazi ya dakika mbili, kazi aliyoifanya mara mia. Aliinuka kwenda kuchukua chaki kwenye mkokoteni.

Aliporudi, Hajjati alikuwa ameanza tena.

"Sikia, fundi. Mimi mwanangu nilimtafutia binti wa daktari. Akasema hapana, nataka yule wa Mahalla. Nikasema sawa, wa Mahalla, lakini kitanda chake nitakiona kwa macho yangu kikishonwa. Kwa sababu watu wa hapa nawajua. Atlasi inaingia mita tano, inatoka mita nne."

Wanawake walicheka kwa adabu. Tahani hakucheka. Inshirah, aliyekuwa amesimama kizingitini akiwa amekumbatia sinia tupu, alitazama chini.

"Mita tano zitatoka mita tano, Hajjati," alisema Nagat, na uso wake ulikuwa wa moto. "Kaa uangalie."

Akaweka chaki, akachora mstari mmoja mrefu, akatia mkasi. Alikata kwa hasira, bila kusita, kama anayemjibu mtu. Chuma kilikuwa kikali na atlasi ilipasuka kwa sauti laini hadi mwisho. Vigelegele vikapigwa. Nagat alikishika kile kipande chembamba kwa ncha ili akitenganishe kiwe vipande viwili.

Hakikutengana. Kilifunguka kama kitabu.

Alikitazama kwa muda usiofika pumzi moja. Alikuwa amekata upande wa mkunjo. Kingo zilikuwa ng'ambo ya pili, salama, hazijaguswa. Katikati hasa ya kitambaa cha Kuwait, mahali ambapo mume na mke wangelala, palikuwa pametoka kipande cha shibiri mbili, na kilichobaki mkekani kilikuwa nusu mbili zisizojuana.

Goti lake lilijiweka lenyewe juu ya kitambaa.

Hakuna aliyeona. Matari yalikuwa yanaendelea. Hatua tatu kutoka pale, Zenhom alikuwa amekaa na upinde begani, akigonga uzi wake kwa nyundo ya mti, na pamba ikiruka mbele yake kama povu. Nagat alimwita kwa jicho. Zenhom akaja, akainama kana kwamba anaokota kitu.

"Nani alikigusa hiki kitambaa nilipokwenda kwenye mkokoteni?"

"Mimi, shemeji. Sinia la chai lilikuwa linapita, nikakiinua kidogo tu. Nikakirudisha palepale."

"Ulikirudisha kimegeuka."

Zenhom aliangalia chini ya goti lake. Rangi ilimtoka usoni, na ndevu zake zenye vumbi la pamba zikaonekana kama za mzee.

"Ee Mola wangu," alinong'ona. "Tufanyeje? Tukimbie?"

"Rudi kwenye pamba. Ipige polepole."

"Niko polepole tangu asubuhi."

"Basi ongeza upole."

Akabaki peke yake na goti lake. Sokoni Mahalla atlasi zilikuwepo za kila rangi, lakini hiyo haikuwepo, na Hajjati angeijua tofauti hata akifumbwa macho. Angeweza kusema kitambaa kilikuja na ufa kutoka dukani. Angeweza kusema ni Zenhom, na lingekuwa nusu ya ukweli. Lakini vidole vyake vilijua. Kila siku kabla ya kutia mkasi alipitisha kidole pembeni kutafuta ukingo, ule ukavu wake mgumu, na leo hakupitisha. Alikuwa ameshughulika na kumwonyesha Hajjati Fikriya kwamba mkono wa mwanamke hautetemeki.

"Fundi!" aliita Hajjati. "Mbona kitambaa hakifunguliwi? Kimelala usingizi?"

"Kinakuja, Hajjati."

"Na wewe umekikalia kama kuku kwenye mayai."

Safari hii wanawake walicheka kwelikweli. Inshirah peke yake hakucheka. Alikuwa amemtazama Nagat usoni, na akaweka sinia chini.

Nagat akasimama. Aliinua mkono na matari yakazimika moja baada ya jingine, hadi ikabaki sauti ya upinde wa Zenhom, kisha nayo ikakoma.

"Jamani," alisema, "nimekosea. Nimekata upande wa mkunjo. Kitambaa kimekatika katikati."

Akakiinua, nusu mkono huu, nusu mkono ule, ili asiwepo wa kusema hakuona.

Halafu Hajjati Fikriya akainuka kitini taratibu, akaja hadi mkekani, akazishika zile nusu, akaziweka pamoja, akaziachanisha tena.

"Nilijua," alisema kwa sauti ya chini, na sauti hiyo ilitisha kuliko kelele. "Wallahi nilijua. Tahani, leteni mkoba wangu."

"Hajjati, nakuomba, keti kwanza, unywe maji..."

"Maji ya nini? Mwanangu alale kwenye kitanda chenye ukuta katikati? Yeye huku, mkewe kule, na mshono kama mpaka wa nchi? Nikiutandika huu mbele ya watu wangu Tanta watasema nini? Watasema ndoa imepasuliwa kabla ya kufungwa!"

"Kitashonwa," alisema Tahani, machozi yakimtoka. "Kitaunganishwa."

"Kitaunganishwa kama suruali iliyochanika matakoni! Na nani? Na huyuhuyu?"

Hapo Zenhom akaja mbele, upinde bado begani, pamba kwenye nyusi.

"Hajjati, mimi ndiye niliyekigeuza. Sinia lilikuwa linapita. Shemeji alikiweka sawasawa."

Nagat alifumba macho. Hakuwa amemwomba.

"Mkasi ulikuwa mkononi mwangu," alisema.

"Kumbe vipofu wawili!" Hajjati alipiga makofi. "Mmoja anageuza, mwingine anakata! Mmekuja kushona au mmekuja kucheza kibemasa, macho yamefungwa?"

Bibi mmoja aliyekuwa nyuma akashindwa, akaguna kicheko puani, na hilo likaharibu mambo zaidi. Hajjati alinyakua nusu zote mbili, akaanza kuzikunja. Alikuwa anaondoka, na kila mtu pale alijua kwamba akishaingia kwenye teksi na kile kitambaa, maneno atakayomwambia mwanawe jioni hayatakuwa ya mfarishi tu.

Hapo ndipo Inshirah alipotoka kizingitini. Alikuwa msichana wa sauti ndogo, mtu wa kusema "ndiyo" na "asante." Alishika pembe moja ya atlasi, hakuivuta, aliishika tu.

"Shangazi," alisema, "mimi ndiye nitakayelala hapo. Sikiliza fundi atasema nini. Usipopenda, kitambaa chako nitakubebea mwenyewe mpaka kwenye gari."

Hajjati alitazama ule mkono. Halafu akamtazama Nagat. "Sema."

Nagat aligeuza macho kwenye mkokoteni. Alikuwa na gunia. Lilikuwa pale, chini ya magodoro ya zamani, gunia la mabaki ya miaka ishirini. Gaber alikuwa akivitupa vile vipande au kuvitumia kukazia matandiko ya punda, naye alikuwa akivichukua nyuma yake, kimoja kimoja, bila kujua vya nini.

"Sitauficha mshono," alisema, na alikuwa anayafikiri maneno yalipokuwa yanatoka. "Nusu hizi sitazibana pamoja. Nitaziachanisha. Katikati nitapitisha njia ya vipande vya rangi, tangu kichwani hadi miguuni. Vya atlasi tupu, vya mifarishi ya harusi. Nipe mpaka magharibi uso uwe tayari."

"Viraka," alisema Hajjati.

"Viraka."

"Kwenye kitambaa cha Kuwait."

Nagat alinyoosha mikono, akazipokea zile nusu.

Hajjati Fikriya alirudi kwenye kiti chake, akaweka mkoba magotini, akaufunga kwa mikono miwili. "Adhana ya magharibi ikilia nitasimama," alisema. "Nikiona kitu cha ombaomba, nimeondoka, na harusi mtanieleza ninyi."

Cherehani ya Tahani ililetwa chini na wanaume wawili. Gunia likamwagwa mkekani, na mara moja wanawake wakasahau kuogopa. "Hii rangi ya komamanga ni yangu!" alipiga kelele jirani mmoja. "Mfarishi wenyewe ulishaliwa na panya, kumbe mtoto wake yupo!" Nagat hakuwasikiliza. Alichagua vya dhahabu, vya waridi, vya bluu ya usiku, akakata miraba ya ukubwa wa kiganja, ishirini na miwili, kwa sababu viganja ishirini na viwili ndio urefu wa mfarishi. Alikata haraka. Inshirah alimpangia, akambania pini. Zenhom alizungusha gurudumu la cherehani kwa mkono ili Nagat ashike kitambaa kwa mikono yote miwili.

Ilipoadhiniwa alasiri njia ya rangi ilikuwa imekwisha. Ilikuwa nzuri. Aliilaza kando ya nusu ya kijani, kichwa kwa kichwa, akaivuta hadi chini.

Haikufika.

Aliivuta tena. Ilipungua kwa zaidi ya urefu wa mkono tangu kiwiko hadi vidole. Akahesabu miraba, ilikuwa ishirini na miwili kamili. Ndipo akaelewa, na akahisi aibu ikimpanda shingoni. Kila mraba ulikuwa umeingia kwenye mshono kidogo huku na kidogo kule. Hakuwa ameacha nafasi ya mshono. Mwanafunzi wa fundi wa wiki ya kwanza hupigwa kofi kwa kosa hilo.

"Ni fupi," alisema Hajjati kutoka kitini. Hakuwa amepepesa macho tangu adhuhuri.

"Naona, Hajjati."

"Kosa la pili."

"Naona."

Zenhom aliinama. "Shemeji, tukate mingine. Tuunge chini."

"Nimemaliza vipande vikubwa. Vilivyobaki ni vya ukubwa wa kidole." Alijaribu kutunga uzi mbele ya wote, na sindano ikamkataa mara tatu. Jua lilikuwa limeshavuka paa la nyumba ya pili. Inshirah alimletea maji na Nagat akayanywa yote, polepole, akijilazimisha kutotazama jua, na kutomtazama Hajjati.

Alipoteremsha kikombe macho yake yaliangukia kile kipande cha shibiri mbili, kile alichokitoa katikati ya atlasi kwa hasira. Kilikuwa kimekunjwa pembeni tangu asubuhi kama maiti ndogo ambayo hakuna aliyetaka kuisogelea.

Alikichukua. Safari hii alipitisha kidole kila upande. Alikipima, akapima pengo, akaongeza upana wa kidole huku na upana wa kidole kule, akahesabu tena kwa sauti ili Zenhom asikie na amkosoe. Kisha akachukua kisu kidogo na kuikata mishono ya njia yake ya rangi, kila baada ya miraba miwili.

"Anafanya nini?" aliuliza Tahani kwa hofu. "Anaibomoa!"

"Mwache," alisema Inshirah.

Katika kila pengo Nagat alitia kipande cha kijani, upana wa vidole vitatu. Miraba miwili ya rangi, kijani. Miraba miwili, kijani. Na jambo likatokea ambalo hakulipanga. Ile njia, ambayo mwanzo ilikuwa imelala katikati ya atlasi kama mgeni asiyejuana na mtu, ilianza kuota kutoka ndani yake. Kijani kiliingia kwenye rangi na rangi zikaingia kwenye kijani. Zenhom alizungusha gurudumu, akasahau kupumua. Walipoilaza tena ilifika hadi chini, ikazidi kwa kidole kimoja, Nagat akakiacha kidole hicho kwa ajili ya pindo.

Nusu ya kwanza ikashonwa. Nusu ya pili ilibaki na shibiri tano, kisha nne. Mwanga ulikuwa wa machungwa. Msikitini mtu alikuwa akijaribu kipaza sauti, akipuliza, na kila pumzi Nagat alidhani ndiyo. Alishona shibiri ya mwisho bila kuona vizuri, kwa kugusa, akakata uzi kwa meno.

Adhana ikalia.

Hajjati Fikriya akasimama kama alivyosema. Alisubiri mwadhini amalize, akinong'ona majibu yake kama mtu mcha Mungu, na katika muda huo wote hakuna aliyemwangalia mwenzake. Halafu akavua viatu, akapanda mkekani. Aliuzunguka uso wa mfarishi mara moja. Alipiga magoti, akashika mshono mkuu kwa mikono miwili na kuuvuta kwa nguvu zake zote, hadi mshipa ukamsimama shingoni. Mshono haukutoa hata mlio. Akahamia mwingine. Akahamia mwingine. Kisha kidole chake kikasimama juu ya mraba mmoja wa bluu.

"Huu umelala upande."

Nagat alitazama. Kweli, nyuzi za mraba ule zilikwenda kinyume na wenzake, na mwanga uliupiga kwa namna yake.

"Umelala, Hajjati."

"Uliona?"

"Sikuona. Naona sasa."

Hajjati aliinamisha kichwa pembeni, akautazama mraba ule kutoka kushoto, kisha kutoka kulia. Alikaa hivyo muda mrefu mno. Tahani alikuwa ameshika shavu lake kwa mkono.

"Uache," alisema mwishowe. Akainuka akishikilia bega la Inshirah, kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu. "Watu wangu wakiuliza, ni mimi niliyeagiza ushonwe hivi. Mmesikia? Mimi. Hakuna aliyekata vibaya hapa."

"Hakuna," alisema Zenhom haraka.

"Wewe usiongee. Na hayo mabaki ya kijani yaliyobaki ni yangu, niwekeeni kwenye mkoba, hata yale ya ukubwa wa kidole."

Vigelegele vililipuka hadi njiwa wakaruka kutoka paani. Nagat alikaa pale alipokuwa. Aliitikia kwa kichwa huku watu wakimpitia juu kama jiwe la mtoni.

Pamba ilijazwa kesho yake asubuhi, na harusi ikafungwa baada ya Idi. Habari zilizofika Mahalla zilisema kwamba Hajjati Fikriya aliutandika mfarishi ule kwa mikono yake, akawaeleza jamaa na majirani wa Tanta kuwa huo ndio mtindo wa Kuwait, kwamba alimfundisha fundi mwenyewe hatua kwa hatua, na kwamba fundi alikuwa mzito wa kuelewa.

Kabla ya mwezi kwisha wanawake watatu walikuja kwenye kibanda cha Nagat, mmoja kutoka Tanta, wakitaka mfarishi wa mtindo wa Kuwait. Zenhom alicheka mpaka akalazimika kutoka nje. Nagat hakucheka. Alitandaza atlasi ya yule wa kwanza sakafuni, nyekundu kama tikiti, akaiacha wazi yote. Alipitisha kidole ukingo wa kwanza, akatia alama ya chaki. Akapitisha ukingo wa pili, akatia alama. Kisha akaikunja na kuandika kwa chaki juu ya mkunjo neno moja kubwa, MKUNJO, ili hata mwenye sinia la chai alione.

Halafu akageuza mkasi upande huohuo wa mkunjo, kwa sababu ndivyo alivyoagizwa, na mkono wake ukamgomea. Ulisimama hewani.

"Shemeji," alisema Zenhom kutoka mlangoni, akijifuta machozi ya kicheko. "Mwenyewe ametaka."

"Najua ametaka. Njoo ushike hapa, usitikisike. Na hilo sinia lipitie nje."

Akapumua, akakata.